Tovuti Imeporomoka Google: Nani Kakwambia Umeadhibiwa?

Kila Google inapotangaza mabadiliko ya mitambo yake, simu yangu haipumziki. Barua za safari hii karibu zote ni za watu wa utalii, kama ilivyo kawaida ya miji yetu hii miwili, Moshi na Arusha. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana ndani yake yamo karibu yote ambayo wenye kampuni ndogo wa hapa huuziwa kwa bei mbaya.

Shikamoo mama. Nina kampuni ndogo ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, ofisi iko Moshi mjini. Tovuti yetu ni ya Kiingereza, na kwa muda mrefu mgeni akitafuta njia ya Machame ya siku saba alitukuta ukurasa wa kwanza. Tangu Julai 2025 maulizo yamekauka. Kijana aliyetutengenezea tovuti anasema Google imetuadhibu, na dawa ni kununua linki mia tano kutoka tovuti za nje kwa shilingi milioni moja na nusu. Mume wangu anataka tulipe haraka tuwahi wageni wa Desemba. Nilipe? (Mwenye kampuni, Moshi)

Marahaba mwanangu. Usilipe. Na huyo kijana mwambie akuonyeshe kwanza hiyo adhabu imeandikwa wapi.

Adhabu ya Google haihitaji ramli. Ukifungua Search Console, huduma ya bure ambayo Google inawapa wenye tovuti, kuna sehemu ya hatua zinazochukuliwa kwa mkono. Mfanyakazi wa Google akikagua tovuti yako akakuta umevunja kanuni, ndipo wanapoandika kosa na kurasa zilizohusika. Ukishasafisha, unaomba wakukague upya. Kwako nimeingia kwa ruhusa uliyonipa, na pameandikwa kwamba hakuna tatizo lolote. Kwa hiyo hujaadhibiwa. Umeshuka, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Google hubadilisha vitu vidogovidogo kila siku bila kumwambia mtu. Halafu, mara chache kwa mwaka, hupitia upya mfumo mzima wa kupanga matokeo na kutangaza hadharani. Hayo ndiyo masasisho makuu. La Juni 2025 lilianza tarehe 30 Juni na kukamilika 17 Julai, na tarehe hizo zimo kwenye ukurasa wao wa hali ya utafutaji ambao kila mtu anaweza kuusoma. Google wenyewe wanasema sasisho kuu halilengi tovuti fulani wala ukurasa fulani. Ni kama msimamo wa ligi: timu inaweza kushuka wiki ambayo haikucheza kabisa, kwa sababu zile za chini yake zimeshinda.

Sasa tupime. Watu wengi hapa wanakosea kwa sababu wanalinganisha Julai na Mei, au wanaangalia grafu katikati ya sasisho huku namba bado zinayumba, wanapata presha bure. Google inashauri usubiri angalau wiki nzima baada ya sasisho kukamilika, halafu ulinganishe na wiki iliyotangulia kuanza kwake. Kwa hiyo nimechukua tarehe 18 hadi 24 Julai nikaziweka kando ya tarehe 23 hadi 29 Juni. Kisha nikalinganisha na Julai ya mwaka uliopita, maana Search Console hutunza takwimu za miezi 16, na biashara ya mlima ina msimu. Mtu wa Ulaya hatafuti Kilimanjaro kwa kiwango kilekile mwaka mzima. Usipoondoa msimu kwenye hesabu, utaitupia Google lawama za kalenda.

Haya ndiyo niliyoyakuta. Wanaotafuta jina la kampuni yenu wanakuja vilevile, hawajapungua. Ukurasa wenu wa Machame wa siku saba, ule unaoulilia, umetoka nafasi ya tatu ukaenda ya tano. Umeumia, lakini haujafa. Google wanasema ukishuka kutoka nafasi ya 2 hadi ya 4 usikurupuke kubomoa kitu. Ukitoka ya 4 hadi ya 29 ndipo ukae chini uikague tovuti nzima. Na huko ndiko ziliko kurasa zenu nyingine: mna ukurasa wa Kilimanjaro mwezi Januari, mwingine Februari, mwingine Machi, hadi Desemba, kumi na mbili kwa jumla, na ukizisoma mfululizo ni maneno yaleyale yaliyobadilishwa jina la mwezi. Hizo zimezama. (Sijui ni nani alimwambia dizaina wenu kwamba mgeni wa Hamburg anahitaji ukurasa mzima ili aambiwe Aprili mvua inanyesha.) Orodha ya vifaa vya kupandia nayo imezama, na nimeikuta neno kwa neno kwenye tovuti za kampuni nyingine za hapahapa mjini. Nani alianza kuiandika sijui, ila Google haina sababu ya kuonyesha nakala zote.

Ukishaona hivyo, mambo ya linki, yaani viungo vya tovuti nyingine vinavyoelekeza kwako, yanaisha yenyewe. Aprili 2012 Google ilitoa sasisho liitwalo Penguin lililowaangusha watu waliokuwa wakipanda kwa linki za kununua. Tangu Septemba 2016 Penguin imo ndani ya mfumo mkuu na inafanya kazi muda wote, na siku hizi kwa kawaida inachofanya ni kuzipuuza linki za namna hiyo zisihesabike. Maana yake, ukiwa na bahati milioni moja na nusu yako itanunua sifuri. Ukikosa bahati, mkaguzi atakuja kweli, na pale palipo pasafi patakuwa na maandishi. Linki mia tano kutoka tovuti za kasino na dawa za kupunguza unene zinamhakikishia nini mgeni anayetaka kujua kama mpishi wenu anaweza kumhudumia mtu asiyekula ngano?

Tufike kwenye kazi yenyewe. Hizo kurasa kumi na mbili zifanyeni ukurasa mmoja wa majira, halafu anwani zote za zamani zielekezwe kwenye huo mpya kwa maelekezo ya kudumu, yale mafundi wanayoyaita 301. Msizifute zikabaki hewani. Huo mmoja usiandikwe ofisini. Kaeni na viongozi wenu wa msafara wakishuka, kabla hawajaenda nyumbani kulala, muwaulize. Njia ya Machame inapita msituni siku ya kwanza. Masika ya Machi hadi Mei matope yanafika wapi mguuni? Mgeni aliyevaa viatu vipya alipata shida wapi? Bonde la Karanga ndilo sehemu ya mwisho ya kuchota maji kabla ya kambi ya Barafu, na wapagazi wenu wanayabeba maji hayo kupandisha. Jambo hilo mnalijua kama mnavyojua jina la mtaa wenu, lakini kwenye tovuti yenu halipo hata kwa mstari mmoja. Mgeni anayeamua kati ya siku sita na siku saba angependa sana kujua hiyo siku ya ziada analala wapi na inamsaidiaje kuzoea hewa.

Wekeni picha zilizopigwa na watu wenu, hata kama upeo umepinda. Wekeni majina ya viongozi wenu kwa ridhaa yao na miaka waliyofanya kazi mlimani. Onyesheni leseni yenu ya biashara ya utalii, ile ya TALA. Elezeni mpagazi wenu anabeba kilo ngapi na analipwaje, maana wageni wa siku hizi wanauliza hilo kabla ya bei. Desemba 2022 Google iliongeza uzoefu wa mwandishi kwenye mwongozo inaowapa wakaguzi wake wa ubora. Wakaguzi hao si wale wa adhabu, na hawampandishi wala kumshusha mtu. Maoni yao yanatumika kupima kama mitambo inaelekea panapotakiwa. Lakini ukiusoma mwongozo unaona wanatafuta nini, na ninyi mnacho kwa magunia. Mmekificha tu.

Kitu kimoja msifanye: kubadilisha tarehe za makala za zamani zionekane mpya huku ndani hakuna kilichoguswa. Najua kijana atawashauri hivyo kwa sababu ni kazi ya dakika tano.

Kuhusu Desemba, sitakudanganya. Mabadiliko mengine Google huyaona ndani ya siku chache, mengine huchukua miezi, na mara nyingi tovuti iliyoshushwa na sasisho kuu husubiri sasisho kuu linalofuata ndipo ipimwe upya. Wala hakuna hati ya kurudi pale ulipokuwa. Wapo walioangushwa na sasisho la Septemba 2023 ambao, hata baada ya sasisho la Agosti 2024 ambalo Google ilisema limezingatia kilio cha wachapishaji wadogo, walirudishiwa sehemu tu ya walichopoteza. Kwa hiyo wageni wa Desemba watafuteni kwa njia nyingine: waandikieni waliopanda nanyi miaka iliyopita, zungumzeni na mawakala wenu wa nje. Tovuti irekebisheni pole pole, na masika ofisi ikitulia ndipo mmalizie kazi kubwa ya kuandika.

Dada, habari za kazi. Nina nyumba ya wageni Njiro, Arusha. Nimebadilisha tovuti, fundi mpya ameifanya ya kisasa kabisa. Wiki hiyohiyo nikasikia Google imefanya sasisho. Sasa hata nikiandika jina la nyumba yangu lenyewe halitokei. Nitapona lini? (Mama wa Njiro)

Nzuri dada. Wewe huumwi ugonjwa wa wenzako. Sasisho kuu linaweza kukusogeza chini kwenye utafutaji wa malazi Arusha, lakini ni nadra sana likufutie jina lako mwenyewe. Jina likipotea wiki uliyobadilisha tovuti, fundi ndiye wa kwanza kuulizwa.

Mafundi wanapojenga tovuti mpya huifunga kwanza ili Google isiione ikiwa nusu. Wengi hujenga kwa WordPress, na huko kwenye mipangilio, sehemu ya kusoma, kuna kisanduku cha kuitaka mitambo ya utafutaji isiiorodheshe tovuti. Siku ya uzinduzi watu wanapiga picha, wanakunywa soda, kisanduku kinabaki na tiki yake. Mwambie akitoe. Kisha ingia Search Console, bandika anwani ya ukurasa wako wa mbele kwenye kile kisanduku cha ukaguzi juu kabisa, kitakwambia kama ukurasa umo kwenye orodha ya Google na kama haumo, kwa nini. Ukiona umetajwa kuzuiwa na alama ya noindex, umeshampata mchawi.

Halafu muulize swali la pili: anwani za kurasa za zamani zimeelekezwa wapi? Kama ukurasa wa vyumba ulikuwa na anwani moja na sasa una nyingine, na hakuna maelekezo ya kudumu kati yake, sifa zote ulizokusanya kwa miaka, pamoja na linki za wageni walioandika kukuhusu, zinaishia kwenye ukurasa usiokuwepo. Hilo linarekebishika hata leo kama fundi alitunza orodha ya anwani za zamani. Kama hakutunza, Search Console inazo.

Picha zako nazo nimeziona. Nzuri, ila moja peke yake ina ukubwa wa kumaliza bando la mtu. Zipunguzwe. Kasi ya ukurasa inahesabiwa, ingawa haina uzito kama watu wanavyoitangaza. Na kwa nyumba ya wageni, wasifu wako kwenye ramani ya Google una nguvu pengine kuliko tovuti yenyewe: hakikisha simu ni ileile, alama iko kwenye geti lako na siyo la jirani, na maoni ya wageni unayajibu.

Mama shikamoo. Mimi ni kijana wa Usa River, naandikia kampuni za safari makala za tovuti. Natumia akili mnemba, natoa hata makala thelathini kwa siku. Mteja mmoja ameshuka vibaya ananilaumu mimi. Kwani Google imekataza akili mnemba? (Mwandishi, Usa River)

Marahaba. Haijakataza. Februari 2023 Google ilieleza wazi kwamba inaangalia ubora wa kilichoandikwa, siyo chombo kilichotumika kuandika. Lakini sasisho la Machi 2024, lililoanza tarehe 5 na kuchukua siku 45, lilikuja na kanuni mpya za spamu, na mojawapo inahusu kurasa zinazozalishwa kwa wingi kwa ajili ya kupanda tu kwenye matokeo bila kumsaidia msomaji. Kanuni hiyo haijali kama zimeandikwa na mashine, na mtu, au na wote wawili. Makala thelathini kwa siku, mwanangu! Umekula saa ngapi?

Nimesoma moja uliyonitumia. Inamwambia mgeni kwamba njia ya Machame atalala kwenye vibanda. Vibanda viko njia ya Marangu: Mandara, Horombo, Kibo. Machame ni mahema. Mgeni akisoma hivyo akaja bila mfuko mzuri wa kulalia, mteja wako ndiye atakayetukanwa kwenye maoni, na atakuwa ametukanwa kwa haki. Mtu aliyewahi kusimama hata getini asingeandika sentensi ile, na mhariri wa mlimani asingeiachia ipite.

Mteja wako anakulaumu kwa haki kiasi fulani, lakini naye aliona bei ya makala moja akafurahi, basi mgawane. Mpe ofa hii: uzipitie zile makala, zinazofanana uziunganishe, za uongo uzitoe, na kila mwezi umwandikie chache tu baada ya kukaa na dereva wake mmoja. Madereva wa Serengeti wana habari kuliko mashine yoyote. Mnunulie chai, washa kinasa sauti. Akili mnemba ikusaidie kunyoosha Kiingereza, hapo haina ubaya hata kidogo. Na bei yako ipande.

Habari ya kazi. Tunatembeza wageni kwenye mashamba ya kahawa Materuni. Nafasi yetu Google haijabadilika, lakini kliki zimepungua, hasa kutoka Marekani. Halafu Septemba 2025 idadi ya mara tunazoonekana ilianguka ghafla kama imekatwa na panga. Ni sasisho gani hilo? (Watembezaji, Materuni)

Nzuri sana. Hayo ni mambo mawili na hakuna hata moja kati yake ambalo ni sasisho kuu.

La Septemba lisiwanyime usingizi. Katikati ya mwezi ule Google iliacha kuruhusu matokeo 100 kuonyeshwa kwenye ukurasa mmoja. Programu za kupima nafasi, ambazo zilikuwa zikifungua kurasa hizo ndefu mchana na usiku, zilikuwa zikihesabiwa kama watazamaji. Zilipokwama, wenye tovuti dunia nzima waliona mara za kuonekana zikishuka na wastani wa nafasi ukipanda siku zilezile. Mlichopoteza ni macho ya roboti, na roboti hanywi kahawa.

La kliki ni la kweli. Tangu Mei 2024 Google ilianza kuwaonyesha watu wa Marekani muhtasari ulioandikwa na akili mnemba juu ya matokeo, na mtu akipata jibu pale hana sababu ya kushuka chini. Chujeni takwimu zenu kwa nchi, halafu kwa swali. Mtaona nadhani kwamba maswali kama kahawa ya Kilimanjaro ni ya aina gani ndiyo yaliyopoteza kliki, wakati yale ya mtu anayetaka kuja, yaani bei, usafiri kutoka Moshi mjini, muda wa kutembea hadi maporomoko, yamebaki. Kama ni hivyo, nguvu zenu zote zipelekeni kwenye hayo ya pili. Muhtasari wa Google hauwezi kumwambia mgeni kwamba baada ya mvua ile njia ya kwenda kwenye maporomoko inateleza na kwamba mnazo fimbo za kumwazima. Ninyi mnaweza, tena kwa picha ya leo asubuhi.

Mkishachuja nitumieni tena hizo takwimu kabla hamjamlipa mtu yeyote.